Kahawa ya Irumu haipandwi tarehe 5 Desemba

BUNIA, Ituri – Kila mwaka, tarehe 5 mwezi wa 12, Kongo nzima inaadhimisha Siku ya Taifa ya Mti. Wakubwa wanavaa buti safi, wanashika sepetu, wanaweka mche kwenye shimo ambalo mtu mwingine amelichimba asubuhi. Picha inapigwa, hotuba inasomwa, magari yanarudi mjini. Kinshasa tarehe hiyo haina ubaya. Kule mvua inaanza mwezi wa 9 au wa 10 na kuendelea hadi mwezi wa 5, na mche uliopandwa Desemba bado una miezi ya kunywa mbele yake.

Irumu iko upande wa pili wa ikweta. Huku mvua kubwa inaanza mwezi wa 8 na kukatika mwisho wa mwezi wa 11. Kuanzia Desemba hadi Februari ni kiangazi: upepo mkavu, vumbi barabarani, moto wa nyasi kwenye vilima kila jioni. Mtu anayempa mkulima wa Irumu mche wa kahawa tarehe 5 Desemba na kumwambia apande anampa mche wa kuzika. Lakini miradi mingi bado inatembea na kalenda hiyo, au na kalenda nyingine mbaya kuliko hiyo, ile ya bajeti inayofungwa tarehe 31 Desemba. Pesa iliyobaki lazima itumike, basi miche inapakiwa kwenye lori.

Wakati umefika wa kukataa. Familia za wahami zinazorudi vijijini, na zile zinazolima kwa watu wakati zinasubiri kurudi, zina haki ya kumwambia mleta miche: asante, lakini urudi nayo mwezi wa tatu.

Kwanza ieleweke kwa nini watu wanaitaka kahawa kiasi hiki. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili moja, ambayo ni karibu dola 9 kwa kilo. Bei hiyo haikuwahi kuonekana. Mkulima wa Irumu haipati bei ya New York, kila mtu anajua. Kati yake na New York kuna mnunuzi wa kijijini, kuna barabara, kuna vizuizi vya barabarani, kuna mpaka. Hata hivyo habari inafika, na mzee aliyeacha kahawa yake porini miaka mitano iliyopita anaanza tena kuihesabu kichwani. Kusini mwa Irumu, kuanzia Komanda kuelekea Boga na Tchabi, kahawa na kakao ndiyo benki ya watu. Karo ya shule inatoka pale. Mahari inatoka pale. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka 2021, Boga na Tchabi ziliposhambuliwa na makumi ya watu wakauawa, walionusurika walikimbia na watoto na masufuria. Benki ilibaki shambani.

Kahawa ni kichaka chenye maua. Robusta ni mzaliwa wa misitu hii hii ya Kongo. Arabika ilitoka Ethiopia. Mvua ya kwanza ikishaanguka baada ya ukavu, zinapita siku nane au kumi, halafu shamba zima linavaa maua meupe na harufu yake inafika hadi barabarani. Yanadumu siku mbili au tatu tu. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi minane au tisa kwa arabika, na zaidi kwa robusta. Na kutoka siku ya kupanda hadi mavuno ya kwanza yanayostahili gunia ni mwaka wa tatu. Kwa hiyo anayepanda kahawa anaweka ahadi ya miaka mitatu kwenye nchi ambayo watu hawana uhakika wa miezi mitatu. Huyo mtu hastahili kudanganywa kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Udanganyifu wenyewe uko kwenye hesabu. Ripoti zinahesabu miche iliyogawiwa. Miche elfu hii kijiji hiki, elfu ile kijiji kile, na sahihi za wapokeaji chini yake. Hakuna safu ya miche iliyo hai baada ya kiangazi. Ugonjwa huu si wa Ituri peke yake. Mwaka 2019 Ethiopia ilitangaza kwamba imepanda miche zaidi ya milioni 350 kwa siku moja. Kenya ilitoa siku ya mapumziko tarehe 13 Novemba 2023 ili wananchi wapande miti milioni 100. Kongo yenyewe ilizindua mwaka 2019 mpango wa kupanda miti bilioni moja hadi 2023. Namba hizo zote ni za kuingiza ardhini. Mwenye shamba anajua kwamba kuingiza ardhini ni kazi ya dakika tano, na kwamba mche unaanza kuwa mti pale unapovuka kiangazi chake cha kwanza bila kukauka.

Hesabu ya kweli ya Irumu ni hii. Mche uliopandwa mwisho wa mwezi wa tatu, mvua ikishashika, unapata Aprili na Mei za mvua, unapumzika kidogo Juni na Julai ambapo mvua hupungua bila kukatika kabisa, halafu unapata mvua kubwa ya Agosti hadi Novemba. Ni miezi minane ya kushusha mizizi kabla ya kuonana na Desemba. Uliopandwa mwezi wa 8 unapata miezi minne. Huo nao unaweza kupona, ukitunzwa. Uliopandwa mwezi wa 12 haupati hata mmoja. Mizizi yake bado ina umbo la sashe ya pepinieri, imejikunja pale pale, na udongo unaoizunguka unakauka kuanzia juu kwenda chini haraka kuliko mizizi inavyoweza kuufuata.

Wakubwa wa miradi wana jibu lao: mkulima amwagilie maji. Vema, yahesabiwe maji hayo. Familia imepewa miche 200, jambo la kawaida kwenye orodha za ugawaji. Kila mche upewe lita 2, mara mbili kwa wiki, kiasi cha kuuweka hai tu. Hizo ni lita 800 kwa wiki. Ni bidoni 40 za lita 20. Nani anazibeba? Mama na wasichana wake, kutoka kwenye chemchemi iliyo bondeni, ambayo kiangazi imeshaanza kuipunguza na foleni imeshaanza kuirefusha. Mashirika yenyewe yana kipimo chao cha dharura, lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na wanaokaa kwenye kambi wanajua jinsi kipimo hicho kinavyopatikana kwa shida. Halafu mtu huyo huyo aambiwe apeleke bidoni 40 kwa kahawa! Atamwagilia wiki ya kwanza kwa moyo wote, wiki ya pili nusu, wiki ya tatu atachagua watoto. Na ripoti ya mwisho itasema kwamba wanufaika hawakuonyesha moyo wa kujitolea.

Afadhali apewe miche 30. Miche 30 kwa kipimo kile kile ni lita 120 kwa wiki, bidoni 6. Hizo zinawezekana. Zinapungua tena kama udongo umefunikwa na mche una kivuli, kwa sababu maji mengi ya shambani hayanywewi na mmea, yanachukuliwa na jua.

Hapo ndipo ilipo kazi ambayo haina picha. Shimo linachimbwa miezi miwili kabla ya mche kufika, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo mweusi wa juu ukiwekwa pembeni peke yake. Udongo ule mweusi ndio unaorudi kwanza, umechanganywa na mavi ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyooza vizuri, na shimo linaachwa litulie. Siku ya kupanda, iwe siku ya mawingu au iwe jioni, mche unamwagiliwa kwanza ukiwa bado ndani ya sashe. Sashe inapasuliwa na kuondolewa yote. Sentimita mbili za chini, pale ambapo mzizi mkuu umeanza kujizungusha, zinakatwa kwa wembe. Mzizi uliokunjwa kama ndoana siku ya kupanda unabaki umekunjwa maisha yake yote. Kahawa hiyo itaonekana nzuri mwaka mmoja na nusu, halafu itanyauka ikiwa na matunda yake ya kwanza, na mwenyewe atasema imelogwa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae sawa na uso wa ardhi. Ikizikwa inaoza. Udongo unakanyagwa taratibu kwa mguu ili usibaki na upepo ndani.

Nyasi kavu zinafuata. Zisiwe na mbegu, zitandikwe unene wa kiganja, upana wa mkono mzima kuzunguka mche, lakini zisiguse shina. Ziache nafasi ya vidole vinne. Mchwa wa Irumu hawahitaji kualikwa mara mbili, na nyasi zilizobanana na shina ni daraja lao. Zinaozesha gome pia. Maganda ya maharagwe, majani ya mgomba, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, vyote vinafaa. Kinachoshangaza ni kwamba vitu hivyo vyote viko kijijini bure, na bado watu wanavichoma moto Desemba, mwezi ule ule ambao kahawa inavihitaji kuliko mwezi mwingine wowote.

Kivuli je? Pepinieri nzuri inamzoeza mche jua kidogo kidogo, ikiondoa majani ya dari sehemu baada ya sehemu kwa mwezi mzima au zaidi kabla ya kuutoa. Miche ya haraka haraka inatoka gizani leo na kusimama juani kesho. Majani yanakuwa ya manjano, halafu yanaungua kingo. Anayepokea miche ya namna hiyo achomeke matawi ya mti au mawese upande wa jua la mchana, siku hiyo hiyo. Kivuli cha muda mrefu ni migomba, iliyopandwa mapema na kwa nafasi, na miti ya jamii ya mikunde ambayo majani yake mepesi yanapitisha mwanga. Maharagwe katikati ya mistari ni mazuri, yanafunika udongo na kuulisha. Mahindi yaliyosongamana yananyang'anya. Muhogo unanyang'anya zaidi, na kuung'oa kunavunja mizizi ya jirani yake.

Kuna jambo moja ambalo hata wakulima wazoefu wanalifanya kwa uchungu. Maua ya kwanza kabisa, yanayotoka kabla mmea haujafikisha mwaka mmoja na nusu hivi, yanatolewa kwa mkono. Mmea mchanga unaobeba matunda unaacha kushusha mizizi. Mtu aliyesubiri kuyaona maua hayo, aliyebeba maji kwa ajili yake, anaambiwa ayatoe. Hakuna mradi unaokuja kusimama naye siku hiyo, na ndiyo siku anayohitaji mtu wa kumwambia kwamba hafanyi kosa.

Panga nalo. Karibu na shina, palilia kwa mkono. Kaskazini-mashariki mwa Kongo kuna ugonjwa wa mnyauko wa kahawa unaoletwa na kuvu, na kuvu huyo anaingilia kwenye kidonda. Ugonjwa huo ndio ulioua robusta ya upande huu kuanzia miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 1993 ulionekana ng'ambo ya Semliki, Bundibugyo, Uganda. Kufikia miaka ya 2000 Uganda ilikuwa imepoteza karibu nusu ya robusta yake yote, hadi watafiti wake wakatoa aina mpya zinazostahimili. Dalili yake inajulikana: majani yananyauka upande mmoja, yanadondoka, matawi yanabaki uchi, na ukikwangua gome chini unakuta mbao ina michirizi ya buluu inayokaribia nyeusi. Mti huo unang'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama. Ukiburutwa shambani, unapanda ugonjwa kwenye kila mstari unaopita. Sasa lori linafika kijijini na miche elfu kadhaa, na swali la kwanza la kila mkulima lingepaswa kuwa: imetoka wapi, na ni ya mbegu gani? Anayeleta asipoweza kujibu, miche ibaki kwenye lori.

Na kabla ya miche mipya, kuna kahawa ya zamani. Ni ajabu kwamba linasahaulika. Familia inayorudi inakuta shamba limekuwa pori, kahawa zimerefuka kama miti ya kuni, juu kuna majani machache, chini hakuna kitu. Mradi unaona pori na kuleta miche. Lakini chini ya pori lile kuna mizizi ya miaka 15 au 20 ambayo imeshashuka. Shina lisilo na ugonjwa likikatwa kwa mshazari, sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, mwanzoni mwa mvua, linatoa machipukizi. Yakiachwa mawili au matatu yaliyo na nguvu, yanaweza kuzaa mwaka wa pili. Mche mpya bado utakuwa unaomba maji. Kinachohitajika ni msumeno mkali, dawa ya kusafishia chombo kutoka mti hadi mti, na monita wa kilimo anayekubali kutembea kwa mguu. Ripoti yake haitakuwa na mche hata mmoja wa kuhesabu. Labda ndiyo sababu.

Yote hayo yanahusu mwenye shamba. Mhami asiye na shamba yuko kwenye shida nyingine, na hapa ndipo miradi inapofanya ubaya mkubwa kuliko kuua miche.

Kila mtu Ituri anajua sheria ambayo haikuandikwa: anayekupa sehemu ya kulima anakuambia panda mahindi, panda maharagwe, hata muhogo wa muda mfupi, lakini usipande kahawa, usipande mgomba, usipande mti. Zao la kudumu ni alama ya umiliki. Mti ukishasimama, kesho mtu atasema baba yake aliupanda. Mwenye ardhi anayekataza si mtu mbaya. Ameona. Cheche moja ya vita vilivyowaka hapa mwaka 1999 ilikuwa ugomvi wa mashamba ya konsesioni huko Djugu, mengi yakiwa mashamba yaliyolimwa na wazungu kabla Mobutu hajayagawia Wazairi mwaka 1973. Mwaka huo huo, tarehe 20 mwezi wa 7, ilitoka sheria ya ardhi iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na kuahidi kwamba haki za watu wa vijiji juu ya ardhi wanayoishi zitapangwa kwa amri ya rais. Kwa zaidi ya miaka 40 amri hiyo haikutoka. Ndani ya pengo hilo kila mtu analinda mpaka wake kwa kile alichonacho, na mara nyingi alichonacho ni mti.

Sasa mradi unampa mhami miche 200 ya kahawa na kumwambia apande mahali anapolima. Hauulizi ardhi ni ya nani. Akipanda, amevunja neno na mwenyeji wake. Asipopanda, amekosa moyo wa kujitolea. Akipanda na kahawa ikashika, ndiyo hatari yenyewe: mwaka wa tatu, maua yanapotoka, mwenye ardhi anakuja kumwambia ahame. Yule mwenye ardhi naye anaona wageni wanapata miche, majembe na mafunzo, wakati yeye aliyewapokea, aliyewapa sehemu ya kulala na ya kulima, hajapata hata sashe moja. Kisha watu wa mjini wanashangaa chuki ilitoka wapi.

Suluhisho lipo na halina gharama ya lori. Kabla ya mche mmoja kushushwa, pande mbili zikae mbele ya chifu wa kijiji na wazee, waandike karatasi. Ardhi ni ya nani. Iandikwe wazi kwamba inabaki yake. Vichaka ni vya nani. Mavuno yatagawanywa vipi, na kuanzia mwaka gani. Mhami akipata njia ya kurudi kwao, vichaka vitathaminiwa vipi na nani atamlipa, na kwa muda gani. Mwenyeji naye apate miche yake, sawa na mgeni wake. Mashahidi watie vidole, nakala tatu, moja ibaki kwa chifu. Mahali ambapo mwenye ardhi anakataa hata baada ya kukaa, jibu lake liheshimiwe, na familia ile ipewe mbegu za mboga, mbuzi, chochote kisichoota mizizi kwenye ardhi ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita kuzungumzia kivuli cha mche ni anasa. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, barabara ya Komanda inafunguka na kufungwa, watu wanakufa, na hapa panazungumzwa vidole vinne kati ya nyasi na shina. Waulizwe wenyewe walioko Kigonze, Komanda au Gety. Hawajaacha kuwa wakulima kwa sababu wanalala chini ya turubai. Ukikaa nao jioni wanazungumza mashamba: nani aliacha mistari mingapi, upande gani wa mto, kama moto wa mwaka huu umefika. Vita vimewanyang'anya mavuno mengi bila kuwauliza. Mche unaokufa kwa sababu ofisi ilitaka kufunga mwaka wa bajeti ni hasara ambayo hakuna mwenye bunduki aliyeileta.

Siku ya Mti isifutwe. Ibaki tarehe ile ile, hotuba ibaki, hata picha. Lakini Irumu, wakubwa wanapokuja tarehe 5 Desemba, wapewe fungu la nyasi badala ya sepetu. Wapelekwe kwenye miche iliyopandwa mwezi wa tatu, wafunike udongo, wachomeke matawi ya kivuli, wafyeke ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba. Na mwezi wa tatu unaofuata warudi na orodha ile ile ya majina, wahesabu mistari mmoja mmoja, waandike iliyo hai.

Kwa familia ambazo zimeshapewa miche na kiangazi kimeshaingia: msiipande. Iacheni ndani ya sashe zake. Tafuteni sehemu chini ya mti mkubwa au nyuma ya nyumba, tengenezeni dari ya majani inayopitisha jua kidogo, pangeni sashe zikiwa zimesimama na kusogeleana ili zishikane unyevu. Zungushieni miiba kwa sababu ya mbuzi. Mwagilieni asubuhi, kikombe kimoja kwa kila sashe, na maji ya kuoshea mboga yanafaa. Kila wiki mbili inueni sashe moja moja na kukata mizizi iliyotoka chini kutafuta ardhi. Wakati huo huo chimbeni mashimo, kidogo kidogo, matatu kwa siku. Kuanzia mwezi wa pili punguzeni dari. Mvua ikishapiga wiki mbili mfululizo mwezi wa tatu, na udongo ukawa umelowa hadi kiwiko kinapozama shimoni, pandeni jioni.